Aliyoambiwa Mwenzangu

Mwenzangu wa chumbani alikuwa pia mwenzangu wa darasani, na shida yangu ilianzia hapo. Angekuwa anasoma uhasibu ningempenda bila tatizo lolote. Lakini sote wawili tulikuwa tunasomea picha na mawasiliano: kupiga picha, kurekodi video, kuhariri, kutengeneza vipindi. Kila kazi niliyoipeleka kwa mhadhiri, ya kwake ilikuwa imelala pembeni yake.

Mhadhiri wetu alikuwa na neno moja kwa picha zangu. "Safi," alisema, kisha akabonyeza kwenda kwenye picha inayofuata. Akifika kwenye za mwenzangu alinyamaza. Alivua miwani, akasogea mpaka karibu na ukuta zilipokuwa zinaonyeshwa, akasimama pale kana kwamba ametusahau. Kuna siku alionyesha picha ya mama muuza duka wa jirani na hosteli yetu, akivuta geti la chuma jioni, uso umefunikwa nusu na kivuli chake mwenyewe. Kwenye duka hilo nilinunua sabuni kila wiki. Mama yule alinijua na kunitania. Na sikuwahi kumwona hata mara moja kama alivyoonekana pale ukutani. Darasa zima lilipiga makofi, nami nikapiga, kwa nguvu kuliko wengine, ili mtu asinitazame usoni.

Tulipofika mwaka wa mwisho tukaambiwa tutengeneze filamu fupi ya maisha ya kweli, wawili wawili. Nikamwahi mwenzangu kabla hajazungumza.

"Twende kwetu Ujiji," nikamwambia. "Mama yangu anauza mawese na dagaa. Ziwa lipo, watu wapo. Mimi nitaongoza, wewe utashika kamera."

Akakubali papo hapo. Hakujua nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka mahali ambapo yeye angekuwa mgeni na mimi mwenyeji. Wateja wa mama wengi wanazungumza Kiha, na yeye, mtoto wa Dar es Salaam, asingeambulia neno. Ingebidi anisubiri nimtafsirie. Nililala usingizi mtamu sana kwenye treni nikiliwaza hilo.

Mama alitupokea mlangoni. Mwenzangu akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama," na mama akamshika mkono, hakuuachia mpaka ndani. Mezani kulikuwa na ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka aliyepikwa kwa mawese. Nilikuwa nimeshamwandaa mama kwenye simu kwamba mgeni huenda asiweze chakula chetu, amtafutie wali. Mgeni akala, akaongeza, akalamba vidole. Mama akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu baba afariki, nilipokuwa sekondari.

"Huyu ni wa kwetu," mama akasema. "Wewe ndiye uliyerudi mzungu."

Ilikuwa utani. Mimi nilitoa vyombo, nikaviosha mwenyewe.

Siku zilizofuata nilifanya nilichopanga. Tulikwenda Kibirizi kurekodi dagaa wakianikwa mchangani, nikawauliza wanawake maswali, nikatafsiri. Mwenzangu alifuata kila nilichomwelekeza, hakubishana. Lakini asubuhi ya tatu au ya nne nikamsikia uani akiwaamkia wateja wa mama, "Mwakeye," na wao wakimjibu kwa furaha na kumfundisha jingine. Alilitamka vibaya. Walimpenda zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Mimi niliyelitamka sawasawa tangu utotoni, nani angenishangilia?

Kisha nikamhoji mama. Nilimweka sebuleni, nyuma yake pazia jipya, mwanga nimeupanga vizuri kama tulivyofundishwa. Mama akavaa kitenge chake cha harusi za watu. Nikamuuliza ameanzaje biashara, amepitia changamoto gani, anawashauri nini akina mama wenzake. Akajibu kama anayehojiwa redioni.

"Tunamshukuru Mungu," akasema. "Changamoto zipo ila tunapambana."

Nikamuuliza kwa nini yeye na baba walihama kijijini Ilagala kuja Ujiji.

"Biashara," akasema. "Huku wateja ni wengi."

Nilipoitazama baadaye nikasikia sauti ya mhadhiri kichwani: safi. Nikamuuliza mwenzangu anaonaje, akasema, "Mama yako ana uso mzuri," akaanza kufunga nyaya.

Siku iliyofuata ilinibidi niende Kigoma mjini kutafuta betri nyingine, maana moja ilikuwa haishiki chaji. Nilizunguka maduka mengi, nikarudi mchana jua likiwa kali. Nikamkuta mama uani, nyuma ya nyumba, anakoroga sufuria la mawese mekoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni moshi. Mwenzangu alikuwa ameketi chini kwenye kigoda, kamera imepumzika mapajani, na yeye macho yake yalikuwa mekundu vile vile.

"Njoo ndani," akaniambia polepole. "Kuna kitu ukiangalie kwanza kabla hatujaongea."

Akanipa vipokea sauti vya masikioni, akaniachia chumba, akatoka.

Kwenye picha mama alikuwa na kanga ya kazini, jasho usoni, anakoroga. Hakuitazama kamera. Sauti ya mwenzangu ilisikika: "Mama, hii inarekodi." Mama akajibu, "Najua." Halafu akaendelea na mazungumzo ambayo yalikuwa yameshaanza.

Alisema kwamba kabla yangu alikuwa na mtoto wa kiume. Walikuwa bado wanakaa Ilagala, baba yuko ziwani na wavuvi wenzake. Mtoto akashikwa na homa, akapata degedege, zahanati wakasema apelekwe hospitali Kigoma. Mama akapanda boti ya abiria, mtoto kifuani.

"Njiani akakata roho," mama akasema. "Nilimsikia alivyoacha kupumua. Nikaogopa kusema. Nilijua nikisema, boti itaegeshwa ufukweni mahali popote, nitashushwa, nitabaki na mtoto wangu kwenye mawe. Nilitaka nimfikishe Ujiji, kwa mama yangu. Basi nikamfunika kanga, nikamshika kifuani kama ananyonya."

Akakoroga.

"Kulikuwa na mama mmoja kakaa mbele yangu. Akaniambia, mwanao mtulivu, wangu angeshalia safari nzima. Nikamwambia ndiyo, amelala. Tukaongea habari za watoto mpaka Kigoma."

Alisema wakamzika Ujiji, na yeye akakataa kurudi Ilagala. Baba ndiye aliyemfuata. Biashara ilikuja baadaye, ilikuwa tu kitu cha kufanya mikono isikae bure.

Nilivua vile vipokea sauti. Ningependa kusema kwamba kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa huruma. Huruma ilikuja, tena nyingi, lakini ilichelewa. Kilichotangulia ni wivu, mkali kama pilipili iliyoingia jichoni. Maisha yangu yote nilikuwa mtoto wa kwanza wa mama yangu. Mtaa mzima unamwita kwa jina langu, mama fulani. Nikakumbuka bibi mmoja wa Ilagala aliyewahi kuja kwenye msiba wa baba na kumwita mama kwa jina la mtoto nisiyemjua, nami nikacheka, nikidhani uzee umemchanganya. Hakuchanganyikiwa. Hata lile jina la mama fulani lilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Na haya yote mama alikuwa amempa msichana aliyemjua kwa siku chache, aliyekula mgebuka na kulamba vidole.

Nikatoka uani kwa nyuma, nikamkuta mwenzangu kando ya ukuta.

"Ulimfanya nini mama yangu?"

"Sikumfanya kitu."

"Ulimuuliza nini, basi? Mimi nimemuuliza jana yote yale, akaniambia biashara."

"Yeye ndiye aliyeniuliza. Aliniuliza kwetu tumezaliwa wangapi. Nikamwambia tulikuwa watatu."

"Mko wawili," nikasema. "Wewe na kaka yako."

"Tulikuwa watatu," akarudia. "Mama yako akaniangalia, akaniambia nisogeze kigoda. Nikamsimulia habari za mdogo wangu. Nilipomaliza, na yeye akaanza."

Nilimtazama. Miaka yote ya chuo tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Nilijua anavyokohoa, anavyochanganya chai, nguo gani anaivaa akiwa na mtihani. Sikujua kama aliwahi kuwa na mdogo. Nikajikuta namwonea wivu mama pia, mama yangu mwenyewe, kwa kuambiwa na rafiki yangu kitu ambacho mimi sikuambiwa. Watu wangu wawili walikuwa wamekaa kwenye moshi wakapeana siri zao, na mimi nilikuwa mjini natafuta betri.

Jioni nilimfuata mama akikusanya dagaa kwenye turubai. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mama, kwa nini hukuniambia mimi?"

Hakujifanya haelewi. "Nikuambie wewe ili iweje? Ningekuambia, ningekuwa nakiona kifo kile usoni kwako kila asubuhi. Ukiletewa chai ungekuwa unaniangalia. Yule ni mgeni. Atapanda treni, ataondoka nacho."

"Mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana," akasema, akaendelea kukusanya.

Mwenzangu alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Akasema kwa upole kwamba yale maneno yakiingia kwenye filamu, hakuna atakayeisahau, ila uamuzi ni wa mama. Nusu yangu ilitaka mama akubali, maana nilijua filamu ile ingekuwa bora kuliko zote chuoni. Nusu nyingine iliwaza mhadhiri akivua miwani, akisogea ukutani, akisifia jicho la mwenzangu kwa machozi ya mama yangu.

"Hapana," mama akasema. "Hiyo nilikupa wewe. Sikuwapa watu."

"Sawa, mama," mwenzangu akasema. Akachukua kamera pale pale, akamwonyesha mama kioo, akafuta. Hakusita. Nilimwangalia usoni nikitafuta hata dalili ya maumivu, maana alikuwa amefuta kitu bora kuliko vyote alivyowahi kurekodi, nikaona tu mtu anayemtazama mama aone kama ameridhika. Nikamwonea wivu hata kwa hilo. Mimi ningeomba nibaki na nakala.

Filamu tuliyoipeleka chuoni ilikuwa na dagaa, mawese, pazia jipya na mama akimshukuru Mungu. Ilipita. Mhadhiri alisimamisha picha moja tu, ile ya mama akikoroga sufuria bila kusema neno, iliyorekodiwa na mwenzangu siku tulipofika. "Huyu mama anawaza nini hapa?" akauliza darasa. Watu wakakisia. Sisi wawili tukatazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane tulikuwa upande mmoja.

Siku hizi mimi ninaishi Kigoma na mama, napiga picha za harusi na mahafali, na nafundisha vijana kuhariri. Yeye yuko Dar es Salaam anatengeneza filamu, nzuri, nazitazama zote. Kila wiki anampigia mama simu. Mama huenda kupokelea uani, na akirudi ndani huwa anatabasamu, nami hujifanya nina kazi.

Mwaka jana shangazi yetu wa Ilagala alifariki, nikamsindikiza mama msibani. Gari zinafika kule, lakini mama akasema anataka boti. Sikumuuliza kwa nini. Tulikaa ubavuni, ziwa limetulia, milima ya Kongo haionekani kwa sababu ya wingu. Tulipokuwa tumeshaiacha rasi ya Bangwe mbali nyuma yetu, mama akaniambia, bila kunigeukia:

"Kaka yako alikuwa na kishimo hapa." Akajigusa shavu la kushoto. "Kama cha kwako. Ulipozaliwa, mkunga alipokuonyesha kwangu, nikageuza uso. Nilifikiri wananifanyia mchezo."

Niliogopa kwamba nikisema neno atanyamaza.

"Hili sikumwambia mwenzako," akaongeza.

Nilipaswa kulia, na machozi yalikuwepo. Lakini chini ya machozi kulikuwa na furaha, furaha kubwa kupita kiasi, ya mtoto aliyepewa kipande cha nyama ambacho mwenzake hakupewa. Niliuficha uso wangu upande wa maji isije ikaonekana. Mama akanishika goti, akaliacha, akachukua simu kutoka kwenye mkoba.

"Mwenzako hajapiga wiki hii," akasema. "Au anaumwa?"

"Sijui, mama. Mpigie."

Akapiga. Mtandao ukawa unakatika, akapiga tena. Manyunyu yakaanza, na alipompata akaanza kucheka na kupaza sauti kwenye upepo, nami nikafungua mwavuli nikamshikia juu ya kichwa chake mpaka amalize.