Dresa Yonathani na Kiti cha Kusahau

Yonathani aliomba mwenyewe kuhamishiwa Makambako. Ilikuwa mwaka 1949. Dresa wa zahanati ya pale, mhudumu wa kufunga vidonda na kutoa dawa, alikuwa ameacha kazi, na wakubwa wa Njombe wakalikubali ombi lake bila maswali. Wenzake ndio walioshangaa. Makambako wakati ule ilikuwa njia panda tu: maduka machache ya mabati, kambi ya watengeneza barabara, na upepo usiopumzika. Lakini pale hakuna aliyemfahamu mkewe, kwa hiyo hakuna ambaye angempa pole.

Mkewe, Ida, alifariki mwaka 1944, Yonathani akiwa Burma katika hospitali ya jeshi. Barua ilimfikia baada ya miezi mitano. Aliisoma amesimama, akaikunja, akarudi wodini kwa sababu kulikuwa na watu wa kuoshwa vidonda. Vita vilipokwisha akarejea Njombe, na shemeji yake akampeleka makaburini. Mvua zilikuwa zimekwisha kulisawazisha kaburi, hata shemeji akasita kidogo kabla ya kunyoosha kidole. Walisimama, wakaomba, wakarudi kula. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jina la Ida mbele yake, naye hakuuliza.

Kutoka vitani alirudi na kitabu kimoja cha Kiingereza. Kilikuwa cha askari Mwingereza aliyekufa melini njiani kurudi, na sista wa wodi alimwambia akichukue, kwani hakuna wa kumpelekea. Kilikuwa hadithi ya kubuni, ya zamani hata wakati ule. Yonathani alikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, na kukimaliza kulimchukua karibu miaka miwili.

Kilisimulia juu ya nchi ambayo mafundi wake wametengeneza kiti cha kusahau. Mtu akifa, kiti huletwa nyumbani kwake. Kila mfiwa anakikalia kwa muda mfupi, na akiinuka hamjui tena yule aliyekufa. Nguo za marehemu huchukuliwa, jina lake hufutwa, na jioni watu wanapika kama kawaida. Katika nchi hiyo hakuna kilio. Lakini fundi cherehani mmoja, mwanamke, alijificha siku kiti kilipoletwa kwake. Akabaki peke yake na kumbukumbu ya mume na mtoto ambao mtaa mzima unaapa hawakuwahi kuwapo. Watu wakamwona kichaa. Kwenye ukurasa wa mwisho anasimama mlangoni mwa nyumba ya kiti, mkono kwenye komeo, na mwandishi anaishia hapo. Hasemi kama aliingia.

Yonathani alikuwa na hakika kwamba hakuingia. Alitaka sana kumwambia mtu, lakini angemwambia nani? Daktari wa wilaya, Mwingereza, alipokuja kukagua, akakiona kitabu juu ya kabati la dawa, akacheka.

"Hiki tulikisoma shuleni! Tulikuwa tunagombana darasani juu ya mwisho wake. Wewe unasemaje?"

"Hakuingia, bwana."

"Mimi nasema aliingia, na alifanya vyema," daktari akasema, kisha akauliza kwa nini pipa la maji halina kifuniko.

Aliyemsikiliza kwa kweli alikuwa Nikodemo, mwalimu wa shule ya misheni. Jumapili baada ya ibada walikaa barazani pa zahanati, Yonathani akisoma Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti. Nikodemo alikuwa mtu wa moto. Alisimama katikati ya sura.

"Hii ni habari yetu, dresa! Hicho kiti ni shule. Ni ofisi ya bomani. Mimi nawafundisha watoto majina ya wafalme wa Uingereza, na jina la babu wa babu yangu silijui. Nani amenifutia?"

"Lakini kitabu kinasema juu ya kufiwa."

"Na mimi nasema nini?"

Mchungaji Efraimu naye alifika Jumapili moja, akasikiliza hadi mwisho mikono ikiwa magotini. Aliuliza jambo moja tu: katika nchi hiyo, siku ya ufufuo, wafu watakapoinuka, watapokewa na nani? Kisha akasema kwamba hapendi kukisikia tena. Yonathani aliona kuwa mchungaji amekasirika, au ameogopa, hakujua lipi.

Jumapili iliyofuata akafika mwanamke. Alitoka kijiji cha Kitandililo, ana donda ndugu mguuni, na hakujua kwamba siku hiyo hawafungui. Yonathani hakutaka kumrudisha na mguu ule. Alimwuliza jina la kuandika kwenye daftari.

"Avelina."

"Mama nani?"

"Andika Avelina."

Alimwosha kidonda, akampaka dawa, akamfunga bendeji. Mwanamke akabaki ngazini kupumzika wakati Nikodemo akitaka sura ya fundi cherehani irudiwe. Ilipokwisha, Avelina akasema bila kugeuka:

"Huyo mama ni mpumbavu."

Nikodemo akacheka. Yonathani hakucheka.

"Kiti hicho kingekuwapo Njombe," mwanamke akaendelea, "ningekifuata kwa mguu huu huu."

"Uwasahau watu wako?" Yonathani akauliza. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Mtu anayekubali jambo kama hilo hakuwapenda."

Avelina akamgeukia.

"Dresa, wewe umezika wangapi?"

Yonathani akaanza kukunja bendeji iliyobaki. Alikuwa ameona maiti wengi kuliko mtu yeyote wa pale. Kuzika, hakuwa amemzika hata mmoja wa kwake.

"Mimi nimezika watatu," Avelina akasema. "Surua. Kwa wiki moja." Akainuka, akashika fimbo yake, akaondoka.

Alikuwa ameambiwa arudi baada ya siku tatu. Hakurudi. Wiki ya pili Yonathani akaanza kuuhofia ule mguu, na Jumapili hakumsubiri Nikodemo. Alifunga dawa na bendeji kwenye kitambaa, akaenda Kitandililo akiulizia njia. Alimkuta Avelina shambani, ameketi chini akichimba viazi kwa mkono, mguu ameunyoosha pembeni.

"Kamwene," akamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene."

Alipiga goti kwenye udongo, akafungua bendeji ya zamani iliyokwisha kushikamana na kidonda. Alifanya kazi yake kimya. Alipomaliza akasema, "Nilikukosea. Mke wangu alikufa nikiwa vitani. Sikumzika."

"Alikufa kwa nini?"

"Sijui."

"Hujui?" Avelina akaacha kufuta udongo kwenye kiazi. "Hukuwauliza kwao?"

"Hawakuniambia."

"Watu hawasemi," akasema. "Wanakuonea huruma. Mimi zamani nilikuwa Mama Yosefu. Tulipomzika Yosefu, kijiji kizima wakaanza kuniita Avelina, kama nilivyoitwa nikiwa msichana. Wanaogopa nitalia." Akatupa kiazi kikapuni. "Hicho kiti chako, dresa, huku tunacho. Ila wamekikalia wao, mimi wameniacha nje."

Yonathani alijifuta udongo mikononi. Kisha akamwuliza, "Mimi nikuite nani?"

Avelina akainamia udongo. Alichimba kiazi kingine, na kingine.

"Mama Yosefu," akasema.

Mwezi Julai mwaka 1951 Yonathani aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda lori la mbao hadi Njombe. Ukungu ulikuwa mzito na baridi ya kukata masikio. Mama mkwe wake, Oktavia, alikuwa mzee sasa. Kwa desturi mkwe hakai uso kwa uso na mkwewe, kwa hiyo alimwekea kigoda nje ya mlango, naye akakaa ndani karibu na moto, ukuta ukiwa katikati yao. Yonathani aliuongelesha ukuta.

"Mama, nimekuja kuuliza Ida alikufaje."

Ndani kuni zilisogezwa motoni.

"Miaka yote hii," sauti ya Oktavia ikasema. "Tulidhani hutaki kujua."

Akamwambia. Ilikuwa kichomi. Alianza kukohoa Jumatatu akitoka kupalilia ulezi, Ijumaa hakuamka. Jumatano alipata nafuu akaomba kiazi cha kuchoma, akala nusu, akasema nusu nyingine atamalizia kesho. Alimkasirikia mdogo wake aliyekuwa amevaa shuka lake. Hakumtaja Yonathani siku zile, Oktavia akasema, na hakuficha. Homa ilikuwa kali, alikuwa anamwita baba yake.

Yonathani alisikiliza hadi kigoda kikamwumiza. Alikuwa amemweka Ida moyoni miaka saba bila siku yake ya mwisho. Sasa alikuwa nayo, na ilimwuma kuliko ile barua. Njiani kurudi, juu ya mbao, alielewa kwa nini mtu angetembea kwa mguu mbovu kukifuata kiti. Aliona pia kwamba hangekikalia, wala hakujua kwa nini.

Alitaka kumwambia Mama Yosefu. Alipofika Kitandililo nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani alimwambia kwamba kaka yake alikuja kumchukua, amehamia kwao upande wa Igwachanya.

"Mguu wake?"

"Umepona. Alitembea mwenyewe." Kisha jirani akauliza, "Ulikuwa unamtafuta Avelina kwa jambo gani?"

"Mama Yosefu," Yonathani akasema.

Jirani akainamisha macho. Yonathani akaaga, akashika njia ya Makambako.

Mwaka uliofuata Nikodemo alihamishiwa Songea, akaomba kitabu akasomee huko, naye akampa. Hakikurudi. Yonathani alibaki na zahanati yake miaka tisa zaidi, hakuoa tena. Walioendelea kuja walimkuta mtu mpole, asiyesema sana, mwenye tabia moja iliyowasumbua wengine: mfiwa akifika kutibiwa, hakumpa pole. Alimwuliza marehemu aliitwa nani na alipenda kula nini. Wengine walinyanyuka wakaondoka. Wengine walikaa, wakasimulia, na yeye akasikiliza huku maji ya kuchemshia sindano yakikauka kwenye jiko.