Kufuata Sahihi Heru Juu

Niliondoka Kibondo Jumatano kwa sababu moja. Fomu ya kuombea mafunzo ya urubani ilitaka sahihi ya mlezi, na tangu baba afariki mlezi wangu ni baba mkubwa, katekista wa Heru Juu. Fomu ilitakiwa irudi Ijumaa. Nilichukua na gazeti la Kiingereza alilonipa mwalimu, lenye habari za rubani Mmarekani aliyekuja kuwa mwanaanga.

Saa moja asubuhi dereva wa lori la maharage nililopanda alikuwa bado anakunywa chai. Nilipomhimiza akasema, "Bwana mdogo, si unataka kuruka? Ruka."

Tulipofika Makere, pancha. Kasulu tuliingia saa tisa, nikapanda Heru Juu kwa miguu, karibu nikimbie.

"Mwiriwe," nikasalimu kwa Kiha, na kabla sijakaa nikatoa fomu na lile gazeti. "Nataka kuwa kama huyu rubani. Alianzia jeshi la majini."

Mama mkubwa akaacha kupepeta. "Jeshi la nani?"

"La majini, mama. Marubani hodari wanatoka huko."

Baba mkubwa akanirudishia fomu kwa ncha za vidole. "Mtoto wa marehemu mdogo wangu simpeleki kwa majini."

Nikapandisha sauti. Ikawa vibaya zaidi.

Alhamisi asubuhi, tuking'oa muhogo, mama mkubwa akaniuliza, "Hao majini wako wanakaa wapi?"

"Kwenye meli. Wanalinda bahari."

Akaketi chini kwa kicheko. "Mzee! Njoo! Ni askari wa maji tu!"

Baba mkubwa hakucheka. "Nieleze upya. Polepole."

Nikaeleza. Mtu yule alikuwa akitua na ndege juu ya meli inayoyumba, waya ukiinasa ndege isitumbukie.

"Kama ndama kwenye kamba," akasema baba mkubwa.

"Kama ndama, baba. Akaomba kwenda angani, wakamkataa. Akaomba tena. Wakamfundisha miaka, wenzake wakimtangulia. Mwisho akaizunguka dunia, akashukia baharini, wakamwopoa."

"Miaka yote hiyo mama yake?"

"Gazeti halisemi."

"Wako je? Utamwandikia kila mwezi?"

"Ndiyo."

"Usijibu haraka."

Nikamfikiria mama peke yake Kibondo. Nikasema tena ndiyo. Akafuta udongo mikononi, akaniinamisha, akaitandaza fomu mgongoni kwangu, akatia sahihi.

Ijumaa saa nane niliikuta ofisi ya Kibondo bado wazi, nikakabidhi fomu. Nimejifunza kwamba neno ninalosema mimi silo analosikia mwenzangu, na anayenipenda ana haki ya kuelezwa mara ya pili. Karani alisema majibu yatachukua muda. Nilimuuliza muda gani mara moja tu.