Foklifti Iliyoingia Chooni

Msimamizi wetu aliniita ofisini akanigeuzia skrini. Nukta ya kijani, ambayo ndiyo foklifti, gari la kuinulia mizigo ninaloendesha, ilikuwa imetulia ndani ya choo cha wanaume.

"Mzee, mashine inasema asubuhi yote uko chooni."

"Na foklifti?"

"Nayo."

Nikamwambia kama nimeipitisha kwenye ule mlango, basi aniongeze mshahara. Hakucheka. Tangu nimzike mke wangu alikuwa ananitazama kama mtu anayetafuta sababu ya kunirudisha nyumbani kwa upole. Akasema fundi yuko njiani, na akikuta mitambo ni mizima, nitafute kazi kwingine.

Ghala letu ni la viazi, huku Mau Narok. Juu ya nguzo walifunga visanduku vinavyotoa sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliipati. Kifaa kilicho kwenye foklifti hupima sauti imechukua muda gani kufika, na hivyo hujua niko wapi. Niliishia darasa la saba, lakini hayo niliyaelewa.

Fundi alikuwa mama mnene kutoka Nakuru, mwenye kompyuta na chupa ya chai. Aliingia ghalani akapiga kofi moja. Kofi likazunguka kwenye mabati, likarudi.

"Viazi vilienda wapi?"

"Viliuzwa juzi, madam."

"Na mimi nilipanga muda wa visanduku ghala likiwa limejaa."

Akatueleza. Visanduku hupokezana, kila kimoja kikingoja mwangwi wa mwenzake uishe. Magunia humeza sauti. Yakitoka, mwangwi hukawia kuisha, kisanduku kinachofuata kinaanza mapema, na kifaa kinachukua sauti ya zamani kikidhani ni ya sasa.

"Mahali patupu panataka kungojewa zaidi," alisema, akaanza kuongeza milisekunde.

Nikaiona nyumba yangu. Baada ya mazishi mashemeji walishuka kutoka Kuresoi kuchukua vitu vya dada yao. Walibeba nguo, makochi, mapazia, na zulia nililonunua mimi. Nafikiri ni mlango tu uliowashinda kung'oa. Tangu hapo nikikohoa jikoni, mtu anakohoa chumbani, na kila mara nageuka.

"Unaongeza mpaka wapi?" nikamuuliza.

"Kidogo kidogo, mpaka iache kudanganya."

Kazi hiyo ilidumu mpaka chai yake ikaisha. Mwishowe nukta iliruka ukuta wa choo ikasimama kando ya mizani, pale pale foklifti ilipokuwa. Msimamizi akakuna shingo, akasema, "Haya mzee, rudi kazini." Samahani yake sikuisikia, labda nayo ilikuwa nyembamba mno.

Lakini mashine haikukosea sana. Kile choo ndimo huwa naenda kumlilia mke wangu. Mchana huo nilienda tena, nikaegesha foklifti nje. Skrini ikaonyesha hivyo hivyo, foklifti iko nje. Mimi hawakunifunga kifaa.