Golikipa Alipopanda Vudee

Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, mzungu aliyekuwa meneja wetu aliondoka na mbwa wake na santuri zake, lakini meza ya biliadi ilimshinda kubeba. Ilibaki ndani ya klabu ambayo mpaka siku ile sisi wafanyakazi tulikuwa tunaijua kwa nje tu. Meneja mpya akatangaza kwamba klabu sasa ni ya wote. Wengi waliingia kwa ajili ya bia na redio. Mimi niliingia mara ya kwanza kumtafuta mgonjwa aliyetoroka sindano, nikaiona ile meza na kitambaa chake cha kijani, na kesho yake nikarudi bila sababu.

Nilikuwa mhudumu wa zahanati ya shamba. Kwetu ni Vudee, juu milimani, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Shuleni nilikuwa mfungaji wa netiboli, tena mfungaji wa kutegemewa, lakini tangu nishuke tambarare sikuwa nimeshika mpira. Wanawake wa pale shambani walikuwa na watoto mgongoni na mashamba yao ya mahindi, hakuna aliyekuwa na muda wa kurusha mpira kwenye pete.

Aliyenikaribisha mezani alikuwa fundi wa mitambo wa kiwanda cha mkonge, kijana wa Songea aliyekuja na wakataji wa kwao kisha akapandishwa kazi. Alikuwa pia golikipa wa timu ya shamba. Wiki ya kwanza alinitazama nikipiga, akacheka.

"Dada, mbona unapanga miguu kama mtu anayesubiri kupigwa picha?"

Nikamweleza. Katika netiboli ukishadaka mpira huruhusiwi kutembea nao. Kwa hiyo mwalimu wetu alitufundisha kuweka miguu tayari kabla mpira haujafika, kisha kukunja magoti, kutoa pumzi nusu, na kuuacha mkono uendelee kuelekea kwenye pete hata mpira ukishaondoka. Wanaume pale klabuni walikuwa wakiizunguka meza, wakisimama hovyo, na wakishapiga tu wananyanyua kichwa kuangalia. Mimi nilikuwa nabaki nimeinama, fimbo imenyooka, mpaka nisikie mpira ukidondoka shimoni.

Hakucheka tena. Alinyoosha mguu wake wa kushoto, akauliza kama uko sawasawa. Nikamsogeza kisigino.

Naye alinipa ya golini. Aliniambia golikipa mjinga anasubiri kwenye mstari, mwenye akili anatoka kumfuata mshambuliaji ili goli lionekane dogo. Akachukua mpira mweupe, ule unaogongwa na fimbo, akauficha nyuma ya mingine, akaniambia nipige. Sikuona pa kupita. "Siku huna nafasi ya kufunga," akasema, "toka langoni. Mnyime mwenzako goli." Mpaka siku hiyo nilikuwa najua kushambulia tu. Alinifundisha pia kwamba ukifungwa usiwaangalie mabeki, wala usijiangalie mikono. Okota mpira wavuni, urushe katikati, mchezo uendelee.

Tulicheza hivyo msimu mzima. Tulipokuwa wawili upande mmoja hapakuwa na mtu wa kutuweza pale shambani, hata karani mkuu, ambaye alikuwa amejifunza mchezo huo kwa wazungu wakati akiwahudumia vinywaji, na alipenda kutukumbusha hilo.

Krismasi ilipofika fundi hakuweza kwenda Songea, mbali kule. Nikamwalika kwetu. Njiani, tukipanda ule mwinuko wa mwisho ambapo mtu anaongea kwa kukatakata maneno, nilimwomba jambo moja.

"Nyumbani usitaje habari za klabu. Baba akisikia neno klabu anaona pombe tu. Siku moja nitamweleza mwenyewe, taratibu."

"Mimi na klabu wapi na wapi," akasema. "Mimi ni fundi tu, nimekuja kula wali."

Baba alimpenda. Fundi aliimba sauti ya nne kanisani kama aliyezaliwa kijijini kwetu, na mama alimfungia ndizi na maharage ya kurudi nayo. Nilijisikia vizuri sana siku ile. Sikuwa na kaka, na nilidhani nimepata mmoja.

Ndipo likaja tangazo la mashindano ya klabu za wafanyakazi, mjini Same. Kila klabu ilete wachezaji wawili wa kucheza pamoja. Kamati yetu haikubishana sana, majina yetu yakabandikwa ukutani. Tulifanya mazoezi kila jioni baada ya kazi. Nilimpa jambo la mwisho nililokuwa nalo, la mbio za nyika tulizokuwa tukikimbia shuleni: anayepanda kilima cha kwanza kwa nguvu zote hukipanda cha tatu kwa mikono na magoti. Mashindano ni marefu, nikamwambia, ushujaa tuuweke akiba. Aliitikia kwa kichwa akitabasamu.

Alhamisi ya wiki yenyewe, mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa ameshuka sokoni Same alipitia zahanati. "Baba yako anakuita. Kesho uwe nyumbani."

Nilidhani mama anaumwa. Nilimkuta fundi kiwandani, mikono imejaa grisi, nikamweleza.

"Nenda," alisema. "Mama ni mama. Jumamosi utatukuta Same, fimbo yako nitaipakia mimi kwenye lori."

Nilimshukuru.

Mama nilimkuta shambani akipalilia, mzima kabisa. Baba alikuwa amekaa ndani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa." Alingoja nikae. "Ni kweli unacheza mchezo wa walevi? Na kesho mnakwenda kuucheza mbele ya mji mzima?"

Nilishindwa kusema uongo. Nikasema si mchezo wa walevi, nikasema siigusi pombe, na kwamba nacheza kama nilivyocheza netiboli, ambayo yeye mwenyewe alikuwa akija kuitazama.

"Nani amekuambia, baba?"

"Mtu anayekutakia mema. Hutashuka mpaka Jumatatu."

Usiku ule niliwapitisha kichwani watu wote wa shambani, mmoja baada ya mwingine. Nilimshuku karani mkuu. Nilimshuku mpishi wa klabu. Mtu mmoja sikumpitisha.

Asubuhi nilikuwa nikimenya ndizi na mama. Akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetafuta la kuzungumza, "Yule kijana wako wa Songea ana adabu. Jumapili kapanda mwenyewe mpaka hapa na jua lile, ametuletea sukari. Kaongea na baba yako muda mrefu. Alisema anakuhurumia kama dada yake, hapendi watu wakuseme."

Niliweka kisu chini. Jumapili ile alikuwa ameniambia anakwenda kumtazama mtu wa kwao, mgonjwa.

Nilikwenda kwa baba, sikukaa. "Baba, aliyekuja kwako Jumapili ndiye niliyekuwa nicheze naye leo. Tulikuwa wawili. Yeye hajaacha kucheza."

 Nilimwona baba akiirudia ile Jumapili kichwani, neno kwa neno.

"Alisali kabla ya kula," akasema mwishowe. Kisha akasema, "Shuka ukajionee mwenyewe."

Nilishuka mbio njia ile ya mawe, nikapata lori la mahindi barabarani, nikafika Same jua likiwa limepinduka. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilisimama nyuma ya wanaume na kuchungulia katikati ya mabega yao. Fundi alikuwa anacheza na karani mkuu. Aliinama. Mguu wa kushoto ulikaa mahali pake, kisigino kimegeuka kama nilivyokigeuza mimi. Alitoa pumzi nusu, akapiga, akabaki chini mpaka mpira ukadondoka. Watu wakapiga makofi. Nilijua kila kitu atakachofanya kabla hajafanya, na nilikuwa nimesimama mlangoni na vumbi mpaka magotini.

Walishinda. Walipewa kikombe, karani akakishika juu.

Nilimngoja kwenye lori letu. Aliponiona hakushtuka sana.

"Dada. Nyumbani hawajambo?"

"Ulikwenda kwa baba yangu."

Aliangalia kama kuna mtu karibu. "Kila nikipiga vizuri wanasema umenifundisha wewe. Kiwandani wananiita mwanafunzi wa nesi. Karani alisema nikicheza naye, watanyamaza."

"Ungeniambia. Ningekaa pembeni."

"Usingekaa," akasema.

Labda alikuwa sahihi. Lakini hakuniuliza, alipanda mlima kwenda kumuuliza baba yangu, kwa njia niliyomwonyesha mimi.

Kamati nayo nilikwenda kuieleza. Katibu alinisikiliza akaniambia mambo ya nyumbani kwetu wao hawayaingilii, wao waliambiwa wazazi wamekataa. Picha ya washindi ilitundikwa klabuni, juu ya redio.

Sikuacha kucheza. Nilicheza peke yangu dhidi ya yeyote, naye nilikutana naye mezani mara nyingi, nilimfunga, alinifunga. Nilichokuwa nimezoea kukifurahia, kule kumpisha mwenzangu apige na kujua atanibakizia mpira mweupe mahali pazuri, sikukipata tena kwa mtu yeyote, na kusema kweli sikukitafuta. Baba hakumtaja tena. Mwaka uliofuata aliuliza mara moja tu kama bado nacheza, nikasema ndiyo, akaitikia kwa kichwa na kuendelea kula.

Shamba ni mahali padogo. Kila asubuhi fundi alipita mbele ya zahanati akienda kiwandani, na kila asubuhi alisema, "Habari za asubuhi, dada." Nami nilijibu nzuri, kwa sababu wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisikiliza.