Mabati ya Makori na Mgongo Wangu

Jumanne. Miaka thelathini na miwili tangu nyumba yangu ya kijijini kwetu Manga ibomolewe kwa ugomvi wa mpaka.

Leo ndugu yangu amejaribu kunizika nikiwa nimelala kifudifudi, nasikia kila neno.

Niliumia mgongo kwenye mbio za wazee huko Thika, ninakoishi. Binti wa dada yangu ni mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo mjini Kisii, kwa hiyo nikaja kwake. Leo ilikuwa mara ya nne.

Nilikuwa kwenye kitanda chake cha matibabu, uso ndani ya tundu la kupumulia, mdogo wangu Makori alipoingia. Akadhani nimesinzia.

"Niambie ukweli," akamwambia binti. "Atafika Desemba? Nimeshanunua mabati. Akifa tutamleta wapi, na hana nyumba?"

(Kwetu ndivyo ilivyo. Asiye na nyumba hujengewa haraka kabla jeneza halijafika.)

"Mjomba, ni pingili tu zilikuwa zimekaza. Wiki ijayo anaanza kukimbia."



Nikaongea nikitazama sakafu. "Makori, nilipobomolewa nililala kwenye migomba wiki nzima. Mabati yalikuwa wapi?"

"Kaka, hayo ni ya zamani. Watu watasema nini?"

"Watasema kwangu ni Thika."

Nikashuka bila kushikwa. Nikasimama kwa mguu mmoja, zoezi nililopewa, nikahesabu hadi thelathini nikimtazama machoni.

Ninyi mngemjibuje?

Mimi nimemwambia mabati hayo aezekee ng'ombe wake. Nyumba sikupewa nilipoihitaji, na maiti haivujiwi. Manga sirudi.