Mwenyekiti wetu hapigwi: siku Watanzania wa Edmonton tulipokwenda kucheza airsoft

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikijiuliza kama niliandike au nilimeze. Nimeamua kuliandika, na nitaliandika lilivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo mimi mwenyewe nilifanya upuuzi. Majina ya watu nimeyaacha, isipokuwa la binti yangu Upendo, ambaye amenipa ruhusa kwa sharti kwamba nisiongeze chumvi.

Kwa asiyeujua mchezo: airsoft ni vita ya kuigiza. Bunduki inatema gololi za plastiki zenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Zinauma kidogo, basi. Hakuna rangi inayobaki kwenye nguo, wala mashine ya kuhesabu nani kapigwa.

Ukipigwa, unanyoosha mkono juu mwenyewe, unasema "hit", unatoka.

Mchezo mzima umesimama hapo tu: mtu mzima akiri mwenyewe kwamba amepigwa, bila kulazimishwa.

Sasa chukueni mchezo huo muwape viongozi wa chama cha Watanzania.

Mimi ni fundi lifti, miaka hamsini na mbili, naishi Edmonton, kaskazini mwa London. Karibu kila ninachokijua nimejifunza kwa kusoma mwenyewe na kuandika kwenye daftari. Upendo ana miaka kumi na saba, kazaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Nimeshazoea.

Alipoanza airsoft mwaka jana, nilifanya kama ninavyofanya kwa lifti ya aina mpya. Nilisoma kwanza. Wiki sita za jioni, nikiandika.

Niwape faida wale ambao watoto wao wanawasumbua kuhusu mchezo huu. Pesa ya kwanza iende kwenye macho. Miwani ya kinga iliyopimwa kwa ajili ya airsoft, siyo ya useremala, na isiyoshika ukungu, kwa sababu mtu asiyeona ataivua, na akiivua uwanjani atatolewa nje, au gololi itamkuta jichoni. Ya pili iende kwenye meno: barakoa ya wavu mdomoni. Ya tatu viatu vinavyoshika kifundo cha mguu. Bunduki iwe ya mwisho. Mara tatu nne za mwanzo akodi pale pale uwanjani.

Zile vesti zenye mifuko ishirini ni za kupigia picha.

Upendo hajafikia umri wa kununua bunduki yake, kwa hiyo nilimnunulia mimi. Nusu yake ni bluu ya kung'aa kama ndoo ya chooni, kwa sababu sheria ya hapa inataka rangi hiyo kwa mtu ambaye hajasajiliwa kama mchezaji. Inasafiri ndani ya begi lenye kufuli, kutoka mlangoni kwangu hadi uwanjani. Haitoki nje. Mnielewe vizuri: London, mtu mweusi, kituo cha basi, kitu chenye umbo la bunduki. Polisi watakaokuja hawatauliza kama ni ya bluu.

Nalisema hili kwa sababu asubuhi ya siku hiyo Katibu wetu alitaka nifungue begi pale kituoni apige picha ya status. Nilimwambia kwamba status hiyo ataiona mkewe kwenye taarifa ya habari. Akarudisha simu mfukoni.

Basi, chama kiliingiaje? Kosa langu. Kwenye sherehe moja ya kipaimara nilimweleza jirani wa meza kuhusu mchezo huu, na Mwenyekiti akasikia. Mwenyekiti wetu ni mtu wa miaka sitini, mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyepita JKT, jeshi la kujenga taifa, zamani na hajawahi kuacha kutueleza. Akatangaza pale pale kwamba tutakwenda kama chama.

Ndani ya wiki moja kulikuwa na grupu la WhatsApp, kamati ya maandalizi, na kamati ndogo ya chakula. Na sare.

Wakuu, sare. Fulana za njano. Njano ya ganda la ndizi mbivu. Na mgongoni, kwa herufi kubwa nyeusi, cheo cha kila mtu: MWENYEKITI, KATIBU, MWEKA HAZINA. Mimi sina cheo, yangu iliandikwa MJUMBE.

Nilituma ujumbe kwenye grupu, kwa heshima, nikieleza kwamba katika mchezo wa kujificha watu huvaa rangi za kujificha. Mwenyekiti akajibu kwamba umoja wetu ni lazima uonekane.

Ulionekana.

Uwanja ni jengo la zamani la ofisi kusini mwa mto, ghorofa mbili, limebaki kuta na korido. Huwezi kuja tu kama kundi la wageni. Lazima mchezaji wao awadhamini. Upendo alisaini kwa ajili yetu wanane. Jioni kabla ya safari alinieleza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba matendo ya wageni yanaandikwa kwa aliyewadhamini. Timu yao ilikuwa inamtafuta mtu wa sita wa kwenda mashindano ya kiangazi, na kapteni alikuwa amebaki na majina mawili, moja likiwa la Upendo. Wageni wake wakiharibu, anafungiwa msimu mzima.

"Just call your hits, Dad," aliniambia, yaani nikipigwa nikiri. "That's all."

Nikacheka. Nikamwonyesha daftari langu, ukurasa wa pili, mstari wa kwanza: chochote ulichovaa au kubeba kikipigwa, umepigwa.

Asubuhi marshal, yaani mwamuzi wa uwanja, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alitusomea kanuni. Akasisitiza moja ya kiungwana: ukimkaribia adui kwa hatua mbili tatu na hajakuona, usimpige. Mwambie kwa mdomo kwamba amekufa, naye akisikia atoke.

Mwenyekiti wakati huo alikuwa anarekebisha fulana yake.

Mchezo wa kwanza sisi njano tuliwekwa upande mmoja, Upendo na wenzake wa timu upande wa pili. Nilikuwa nimewafundisha wenzangu mambo matatu tu: tembea kutoka kinga hadi kinga, usichungulie mara mbili mahali pale pale, na usisimame katikati ya korido.

Mwenyekiti alisimama katikati ya korido.

Hakuwa anapiga sana. Alikuwa anaongoza. Alinyoosha kidole huku na kule akiwatuma vijana waende kushoto, na vijana wakaenda, wakapigwa, wakanyoosha mikono, wakatoka. Yeye akabaki. Nilikuwa nyuma ya nguzo, hatua sita kutoka kwake. Nilisikia gololi zikitua kwenye lile tumbo la njano: tap, tap. Alijipangusa kama mtu anayefukuza inzi.

Kijana wetu mmoja alithubutu kumwambia, "Mzee, nadhani wamekupata."

"Wamekosa. Mimi nimepita JKT, risasi najua inavyolia."

Nani ataendelea kubishana naye? Huyo ndiye aliyesimamia msiba wa baba wa yule kijana. Huyo ndiye anayeshika kipaza sauti kwenye harusi zetu zote. Kijana alisema, "Sawa mzee," akarudi kwenye kinga yake. Na mimi, mwenye daftari, nikajibana zaidi nyuma ya nguzo. Nilijiambia kwamba hayanihusu.

Sasa inakuja sehemu yangu.

Mchezo wa pili nilipata nafasi nzuri, chumba cha pembeni chenye dirisha la ndani. Nilikuwa nimetulia, nahesabu, najisikia kamanda. Ghafla kitu kikanigonga kifuani. Tap. Moja.

Nikajishika. Ilikuwa imepiga daftari, lililokuwa kwenye mfuko wa shati. Mwili wangu haukusikia maumivu yoyote.

Wakuu, akili ya binadamu ni fundi mbaya. Ndani ya sekunde mbili nilijenga hoja kamili: daftari siyo nguo, siyo silaha, halihesabiki kama vifaa vya mchezo, kwa hiyo aliyepigwa ni daftari. Nikaendelea kucheza.

Lifti huwa imefika sakafuni au haijafika. Hakuna iliyofika kidogo. Miaka ishirini na mitano nawaambia hivyo mafundi wanafunzi.

Nilipoinua macho nikaona, ng'ambo ya dirisha, bunduki ya bluu. Upendo alikuwa ameishusha. Alinitazama, kisha akageuka akaenda zake.

Chakula cha mchana hakukaa nasi. Kamati ndogo ya chakula ilikuwa imeleta sambusa na pilau kwenye hotpoti. Yeye alikaa na wenzake akala mkate wao mkavu.

Kabla ya mchezo wa mwisho marshal alituita wote. Alisema amepokea malalamiko mawili kwamba kati ya hawa wa njano kuna mtu hakubali kupigwa. Hakutaja jina. Alisema anataka mhusika ajitokeze mwenyewe, akae nje mchezo mmoja, yaishe. La sivyo wote tunaondoka, na jina la mdhamini linaandikwa.

Upendo alikuwa kasimama kando yake na kofia mkononi. Anaangalia sakafu.

Sote tulijua. Macho yetu sote wa njano yalimtazama Mwenyekiti, kisha, kwa adabu, yakamwacha. Mwenyekiti alikuwa ameshika kiuno na kutikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayehuzunishwa na vijana wa siku hizi.

Nikanyoosha mkono.

Nikasema kwa Kiingereza changu kwamba nilipigwa kifuani mchezo wa pili na sikutoka. Nikatoa daftari. Lilikuwa na kishimo kwenye jalada. Marshal akalitazama, akalifungua, na kwa bahati yangu likafunguka ukurasa wa pili. Hakuhitaji kujua Kiswahili. Nilikuwa nimechora mchoro wa mtu aliyepigwa, mkono juu.

Na hapo Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya kufunga mkutano, "Basi, aliyekosa ameungama. Tumsamehe ndugu yetu, tuendelee."

Nimesikia maneno mengi London hii. Hayo nitayakumbuka.

Nikapelekwa kukaa juu, kwenye roshani yenye wavu wa kuzuia gololi, mahali pa watazamaji. Marshal akaweka sharti: lalamiko moja zaidi, hata moja, jina la Upendo linaandikwa. Akashuka mwenyewe kusimama koridoni na kibao chake cha kuandikia.

Kutoka juu unaona kila kitu. Filimbi ikalia. Dakika tano, njano wengi wametoka. Mwenyekiti akarudi katikati ya korido yake, akitoa maelekezo kwa watu ambao hawakuwepo tena.

Kijana mmoja wa upande wa pili akampiga mgongoni. Niliona kwa macho yangu: gololi tatu, moja kwenye herufi M, mbili kwenye Y. Mwenyekiti akajikuna. Kijana akageuka kumtafuta marshal, mdomo umeshafunguka kulalamika.

Upendo alimwahi. Alimwekea yule kijana mkono begani, akaachia bunduki yake ining'inie kwenye mkanda, na akatoka kwenye kinga. Alitembea polepole nyuma ya Mwenyekiti, mikono mitupu. Hatua tano. Tatu. Mbili.

Nilijua kanuni. Anatakiwa amwambie kwamba amekufa. Na nilijua jibu atakalotoa Mwenyekiti: kwamba hakusikia.

Akakunja magoti kidogo, kama bibi yake alivyomfundisha kwenye simu ya video.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mwenyekiti, akashusha bunduki, akageuka na uso wa kusherehekea, kama yuko mlangoni mwa ukumbi anapokea wageni.

"Umekufa."

Lilikuwa Kiswahili safi. Sijamsikia akisema sentensi ndefu kuliko hiyo tangu amalize shule ya msingi.

Mwenyekiti alifungua mdomo. Alianza kusema kwamba hakusi... akaishia hapo. Marshal, hatua nne kutoka pale, akauliza wamesemezana nini. Upendo akamjibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba amemsalimia mzee, na mzee ameitikia.

Marshal akauliza, kwa hiyo amekusikia?

Katibu, aliyekuwa amekwishakufa na kukaa kando ya ukuta na kitambaa chekundu cha waliokwisha kupigwa kichwani, alianza kukohoa, kikohozi kile cha mtu anayezuia kicheko kanisani.

Mkono wa Mwenyekiti ukapanda. Polepole sana. Akaondoka koridoni, na sisi wa roshani tukausoma mgongo wake mpaka mlangoni.

Hakuna jina lililoandikwa. Wiki iliyofuata Upendo alipewa nafasi ya sita.

Kwenye treni ya kurudi alikaa pembeni yangu. Begi la bunduki lilikuwa miguuni, limefungwa. Aliniomba daftari, akalitazama lile shimo, akasema kwa Kiingereza kwamba alilenga bega, siyo kifua. Halafu hakunirudishia. Liko kwenye rafu yake mpaka leo.

Nilichojifunza, na ndicho ninachowaachia wanaoanza: vifaa vinanunulika, mbinu zinasomeka, na hakuna duka London hii linalouza ule mkono wa kunyoosha juu. Mpime mtoto wako kwa huo kabla hujampima bunduki. Kisha ujipime wewe.

Chama kinaendelea vizuri. Mikutano ipo. Ila nimegundua kitu kimoja: siku hizi ukimwamkia Mwenyekiti kutoka nyuma, haitikii mpaka ageuke kwanza akuangalie mikononi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani amewahi kumwambia kiongozi wake kwamba amepigwa, na alitumia njia gani? Na kama Katibu yumo humu: fulana yangu naomba ibadilishwe rangi.