Nambari Nyekundu za Ijumaa

Majirani walimwita Bwana Mvua, ingawa mvua alizozijua zilikauka kabla hajazaliwa. Kazi yake ilikuwa kuziingiza kwenye kompyuta kutoka kwenye picha za madaftari yaliyoliwa na mende, ambamo wapimaji wa enzi hizo waliandika kila asubuhi mvua imefika milimita ngapi. Wataalamu walizitaka wapate kujua hali ya hewa ilivyokuwa ikibadilika. Yeye alitaka mshahara, na cha kumtoa nyumbani. Tangu mkewe afariki, nyumba ile ilikuwa na sufuria nyingi mno kwa mtu mmoja.

Kwa kuwa macho ya binadamu hayaaminiki, kila ukurasa uliingizwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Mwenzake alikuwa mjane mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya mji mwingine, ambaye hakuwahi kumwona hata kwenye picha. Walipotofautiana, kompyuta iliipaka nambari rangi nyekundu, na Ijumaa walipigiana simu wasuluhishe. Bwana Mvua alimbatiza jina la Mama Nukta, maana hakukubali nukta hata moja ipotee. Mama huyo alimwuliza kila mara kama amekula, na akijibu chai tu, alimgombeza mpaka aone haya. Hakuna mwingine aliyemwuliza hivyo. Binti yake mwenyewe alituma salamu za maneno mawili.

Shida ni kwamba walizoea kazi. Nyekundu zikapungua, na Ijumaa moja wakamaliza kabla chai haijapoa. Kumpigia mjane wa watu bila sababu ya kazi hakuthubutu. Basi mtu mzima na mvi zake akafanya utoto: penye nane akaandika tatu, makusudi kabisa. Kwenye simu akasingizia miwani, nambari ikasahihishwa, mazungumzo yakanoga. Wiki iliyofuata akaongeza nyingine.

Kisha msimamizi akapita, akasema kama anayeagiza ufagio, kwamba bajeti imekatwa. Katika wawili hao atabaki mmoja, na mwenye makosa mengi mwisho wa mwezi ndiye atakayeondoka. Kazi ikienda, Bwana Mvua angebaki na zile sufuria. Tangu siku hiyo akawa anasoma kila mstari mara mbili, hakukosea hata nukta.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi alifungua ukurasa akitarajia uwe mweupe. Ulikuwa na nyekundu chungu nzima, na makosa yote yalikuwa ya Mama Nukta. Saba zinazosomeka wazi kabisa, yeye kaandika moja. Nukta alizozigombania miaka yote, kazitupa ovyo.

Akampigia, akamwuliza taratibu kama macho yanamsumbua. Akajibiwa kwamba macho ni mazima.

"Sasa hizi saba, mama?"

"Wewe uliacha kukosea, baba. Nikaona Ijumaa hii hutakuwa na cha kunipigia."

Akamwuliza kama hakuambiwa habari za bajeti. Aliambiwa, tena siku ile ile. Bwana Mvua alichagua kazi. Mama wa watu alichagua simu. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Umekula?" akamwuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza yeye.

"Chai tu," akasema Mama Nukta.

Wakaanza kusahihisha, nambari moja moja, bila haraka yoyote. Ikabaki ya mwisho. Hakuna kati yao aliyeitaja, wala aliyekata simu.